Faini zilizopotea

Simu ya mama mhasibu ilinikuta kituoni Mwenge, saa moja na nusu asubuhi, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye gari la Tegeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeifungua ripoti yako ya Julai. Inasema hakuna mwanachama aliyechelewesha rejesho. Hata mmoja! Mimi kwenye kiti hiki nina miaka kumi na tisa, mwezi wa namna hiyo sijauona."

Mama huyu anatunza hesabu za SACCOS moja upande wa Temeke. Nilikuwa nimewaandikia programu ya kukokotoa riba na faini, na ndani ya programu hiyo kulikuwa na kompaila ndogo, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa maagizo ya mashine, niliyoijenga mwenyewe juu ya LLVM, mkusanyiko wa vyombo vya kujengea kompaila. Ripoti ya Juni ilitoka sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Kati ya Juni na Julai kanuni hazikubadilika, na orodha ya wanachama ilikuwa karibu ile ile. Mimi ndiye niliyegusa kitu: ili kazi iishe upesi zaidi, niliharakisha jinsi funksheni, yaani vipande vya msimbo vyenye jina, zinavyoitana, kisha nikapandisha kiwango cha uboreshaji kutoka O0, ambapo LLVM haiboreshi msimbo, kwenda O2, ambapo inaupanga upya ili ukimbie zaidi. Nikajaribu kwenye mashine yangu kwa O0, majibu yakawa mazuri, nikatuma ya O2.

Nikamwomba arudi kwenye toleo la Juni ili watu wapate taarifa zao Ijumaa kama walivyoahidiwa, nami anipe wiki moja. Akakubali. Nilipanda gari la Kijitonyama nikiwa na jasho ambalo halikutokana na joto la Dar.

Kwanza nieleze kwa nini kulikuwa na kompaila hapo, maana watu wengi huniuliza. Vyama vya akiba na mikopo vina kanuni zao, na kanuni hizo hubadilika kila mkutano mkuu. Mwaka huu faini inaanza siku ya thelathini na moja, mwakani wanachama wanapiga kura inaanza siku ya kumi na tano. Sikutaka mama mhasibu awe ananipigia simu kila kura ikipigwa. Nilitaka kanuni ziandikwe kwa maneno anayoyasoma mwenyewe:

kama siku_za_kuchelewa > 30
    faini = rejesho * 5 / 100
mwisho

Toleo la kwanza lilikuwa likisoma kanuni mstari kwa mstari na kuzitekeleza hapo hapo. Lilifanya kazi, ila ripoti inarudia maisha ya kila mkopo siku kwa siku tangu ulipotolewa, na kompyuta ya ofisi ile ni ya zamani. Mchana mzima ulikuwa unaishia kwenye ripoti moja. Ndipo nikaamua kugeuza kanuni ziwe msimbo wa mashine moja kwa moja.

LLVM ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, mikononi mwa Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve. Leo Clang, ambayo ni kompaila ya lugha ya C, pamoja na lugha za Rust, Swift na Julia, zote zimesimama juu yake. Kazi yako wewe mjenzi wa lugha ni kutafsiri lugha yako kwenda lugha yake ya kati, ambayo wote tunaiita IR. Kuanzia hapo mfumo huo ndio unaogawa rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa), kuchagua maagizo ya prosesa, kupanga staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni) na kupunguza kazi zisizo za lazima. Ni msaada mkubwa mno kwa mtu mmoja mwenye meza moja. Lakini IR ina tabia ambayo sikuielewa mpaka iliponiumiza: kila neno unaloliandika humo ni ahadi, na LLVM inaamini ahadi zako zote bila kukuuliza mara mbili.

Nilijifunza jambo hilo kwa vipande, na kipande cha kwanza kilikuwa kabla hata ya Juni.

Faili langu la majaribio lilikuwa na mistari 2,000. Programu ilipita vizuri. Nikaipa faili halisi la miamala, mistari zaidi ya laki sita, ikaanguka bila neno lolote isipokuwa taarifa ya mfumo kwamba imegusa kumbukumbu isiyo yake. Nikaweka kihesabu. Ikafia kwenye mstari wa elfu 523 na mia kadhaa. Nikaendesha tena, ikafia pale pale, tofauti ya mistari michache tu. Nikaufungua mstari wenyewe, ulikuwa muamala wa kawaida kabisa, mtu ameweka akiba. Nikaufuta. Ikafia kwenye uliofuata.

Kosa linalotokea mahali pamoja huku data ikibadilika linatokana na kitu kinachojaa, lakini hilo lilinichukua siku mbili kulitambua. Katika IR, ukitaka nafasi ya kuweka thamani ya muda kwenye staki unatumia agizo la alloca. Mimi nilikuwa naliandika pale pale kigeu kilipotajwa, hata kama ni ndani ya mzunguko. Sasa alloca iliyo ndani ya mzunguko hukata kipande kipya cha staki kila mara inapopitiwa, na hairudishi mpaka funksheni imalizike. Kwangu kila mzunguko ulikuwa unakata baiti 16. Staki ya Linux kwa kawaida ni MB 8. Gawanya: unapata 524,288. Toa kidogo kilichotumiwa na mambo mengine mwanzoni, na unafika pale pale programu ilipokuwa inafia.

Dawa ni kuziweka alloca zote kwenye bloku ya kwanza ya funksheni, yaani kundi la maagizo la mwanzo linalopitiwa mara moja tu, popote kigeu kinapotumika. Ina faida ya pili, kwamba hatua za LLVM zinazohamisha vigeu kutoka kwenye staki kwenda kwenye rejista huangalia alloca za bloku ya kwanza tu. Zilizo kwingine zinaachwa kama zilivyo. Kwa hiyo hata kama programu yangu isingeanguka, ingebaki nzito, na mimi ningeilaumu kompyuta ya ofisi.

Kuna na mengine madogo yanayomkuta kila anayeanza, na sitakaa sana hapo. Ukisahau kuisajili prosesa lengwa kabla ya kuomba msimbo wa mashine, unaambiwa hakuna lengwa lililosajiliwa, na unaweza kupoteza jioni nzima ukidhani usakinishaji ndio mbovu. Mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya zamani: pointa (anwani za kumbukumbu) zilizokuwa na aina ya data, zilizojaa kwenye mafunzo hayo, ziliacha kuwa kawaida tangu toleo la 15 la mwaka 2022 na zikaondolewa kabisa kwenye la 17. Angalia toleo kabla hujaanza kunakili chochote.

Ila kuna jambo moja la maandalizi ambalo namsihi kila mtu asiliruke. LLVM inayokuja tayari kwenye vifurushi vya mfumo mara nyingi imejengwa bila ukaguzi wake wa ndani. Ukiijenga mwenyewe na kuwasha ukaguzi huo, makosa mengi yatakayokuja kuzaa takataka baadaye yatasimamishwa papo hapo, na utaambiwa ni wapi. Kuijenga kwenye laptopu ya GB 8 kunahitaji uvumilivu. Nilichukua historia fupi tu ya msimbo wake ili nisimalize bando, nikaijenga kwa ajili ya prosesa za X86 (za Intel na AMD) peke yake, na nikaruhusu uunganishaji mmoja kwa wakati, maana hatua ya kuunganisha ndiyo inayokula kumbukumbu mpaka mashine inaganda. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule. Ninja, chombo kinachosimamia ujenzi, iliendelea ilipoachia, na alfajiri nikawa nayo.

Kipande cha pili kilikuwa tarehe, na hiki nilikipenda hata kilipokuwa kinanitesa.

Mambo ya tarehe niliyaandika kwa C, nikayaweka kwenye laibrari ndogo ambayo msimbo wangu unaiita. Tarehe ni namba tatu tu: siku, mwezi, mwaka, kila moja biti 32. Nikaipa funksheni ya C tarehe 14 Julai 2022, ikarudisha idadi ya siku isiyo na maana yoyote. Nikaweka mstari wa kuchapisha ndani ya C nione imepokea nini. Ikachapisha:

14/0/7

Nikakaa nikaitazama. Siku ni sahihi. Mwezi sifuri. Na mwaka ni saba. Saba ni Julai! Mwezi ulikuwa umehamia kwenye mwaka, na 2022 haikuonekana popote.

Meza ya jirani anakaa dada mmoja anayeandika C kwa ajili ya vifaa vidogo vya kupimia maji. Nikamwita. Akaangalia kwa kitambo kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, umemuuliza Clang yeye anafanyaje?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeamini kwamba nikimpa LLVM muundo wenye namba tatu, ataupeleka kama C inavyoupeleka. Dada akaandika mistari minne ya C kwenye laptopu yangu, funksheni inayopokea tarehe, akamwambia Clang atoe IR badala ya msimbo wa mashine. Ikatoka funksheni yenye vipengele viwili: kimoja cha biti 64 na kimoja cha biti 32.

Hapo mambo yakajipanga. Kwenye Linux ya x86-64, mapatano ya kuitana kati ya funksheni za C yanasema muundo wa baiti 12 kama ule unafungwa pamoja: baiti nane za kwanza, yaani siku na mwezi, zinapanda rejista moja, na nne zilizobaki zinapanda ya pili. Mimi nilipoupeleka muundo mzima kama ulivyo, LLVM iliutawanya, namba moja kwa kila rejista. C ikafungua rejista ya kwanza, ikakuta 14 upande wa chini na sifuri upande wa juu, ndiyo mwezi. Ikafungua ya pili ikitarajia mwaka, ikakuta 7. Na 2022 ilikuwa imekaa kwenye rejista ya tatu, haina aliyeiulizia.

Kuyafuata mapatano hayo ni kazi ya mwenye lugha. Clang ana msimbo mwingi sana unaofanya kazi hiyo peke yake, na LLVM chini yake haijui kwamba umekusudia kuongea na C. Niliposikia hivyo nilikata shauri: funksheni zangu zote za laibrari zipokee pointa, siyo muundo. Pointa hupita kwenye rejista moja, hakuna cha kufungasha wala kutawanya. Na pale ambapo siwezi kuchagua, yaani laibrari ni ya mtu mwingine, naandika C ndogo, namuuliza Clang, nafuata alichoandika hadi nukta.

Sasa nirudi kwenye faini.

Asubuhi ile nilipofika mezani nilianza kwa jambo ambalo ningetamani kila kompaila ndogo iwe nalo tangu siku ya kwanza: swichi ya kumwaga IR yote kwenye faili kabla LLVM haijaigusa. Bila faili hilo unabaki kubishana na hisia. Ukiwa nalo unaweza kuondoa kompaila yako kabisa kwenye uchunguzi na kutumia vyombo vya LLVM vyenyewe.

Nikaendesha faili hilo kwa O0. Faini zipo. Kwa O2, faini zote ni sifuri. Nikapitisha IR kwenye mkaguzi wa LLVM, akasema haina kosa.

Hapa ndipo moyo hushawishika kusema uboreshaji wa LLVM una kasoro. Nami nilishawishika, kwa saa nzima. Kilichonirudisha ni kufikiria ukubwa wa kitu chenyewe: programu ngapi duniani zinapita kwenye hatua hizi kila siku, na mimi nina kanuni ya mistari mitatu ya kuzidisha kwa tano na kugawa kwa mia. Kasoro za kweli ndani ya LLVM zipo, na husahihishwa kila wakati. Ila kwenye jambo jepesi namna hii, wa kuhojiwa kwanza ni mimi.

Nikapunguza. Kanuni arobaini zikawa moja. Miamala zaidi ya laki sita ikawa mmoja, wa mtu aliyechelewa siku 45. Faini bado sifuri. Nikaandika hati fupi inayojibu swali moja tu: "tatizo bado lipo?" Nikaikabidhi kwa llvm-reduce, ambayo kazi yake ni kukatakata IR na kuuliza hati yako kila inapokata, tatizo likipotea inarudisha kipande. Nikaenda kunywa chai na chapati kwa mama lishe pale nje. Niliporudi, IR iliyokuwa na mistari elfu kadhaa ilikuwa imebaki inaenea kwenye kioo kimoja bila kushusha ukurasa.

Kisha nikatafuta hatua. O2 ni mlolongo mrefu wa hatua ndogo ndogo, na LLVM ina kidhibiti cha kuisimamisha baada ya hatua ya namba unayotaka. Zilikuwa zaidi ya mia tisa. Simamisha katikati, angalia faini. Ikiwepo, tatizo liko mbele, isipokuwepo, liko nyuma. Mara kumi unafika. Mimi nilifika kwenye hatua inayoitwa InstCombine, ambayo kwa kawaida inarahisisha hesabu ndogo.

Nikachapisha IR kabla na baada. Kabla, ndani ya tawi la waliochelewa, kulikuwa na wito wa funksheni ya faini. Baada, wito haupo. Mahali pake pana agizo la kuandika kwenye anwani isiyo na maana. Nikaachia hatua moja zaidi, ile inayosafisha njia za msimbo, na tawi lote likageuka neno moja: unreachable. Maana yake, hapa hapafikiki kamwe.

Na kama tawi la waliochelewa halifikiki kamwe, basi hakuna haja hata ya kuuliza nani kachelewa. Sharti la siku 30 likafutwa pia. Ilibaki njia moja tu, ya waliolipa kwa wakati, na wanachama wote wakapitishwa humo. Mama mhasibu alikuwa amesoma kwenye karatasi yake tafsiri kamili ya neno hilo moja.

Nikamwonyesha dada. Akauliza, "Ni nani aliyesema hapa hapafikiki?"

"LLVM."

"LLVM haiwezi kujua mambo ya wadaiwa wako. Kuna mahali umeiambia."

Tukaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno. Tangazo la funksheni ya faini lilikuwa na neno fastcc. Hilo nilikuwa nimeliongeza mimi katika wiki ile ya kutafuta kasi: ni utaratibu wa kuitana usiofungwa na mapatano ya C, unaoiachia LLVM uhuru wa kupanga. Kisha tukasoma wito wenyewe. Hauna fastcc. Hauna neno lolote, na wito usio na neno unahesabiwa ni wa utaratibu wa C.

Nilikuwa nimeweka utaratibu kwenye funksheni nikidhani kila atakayeiita ataurithi. Haurithiwi. Kwenye LLVM, funksheni ina utaratibu wake na kila wito una wa kwake, na wewe ndiye unayelazimika kuhakikisha vinalingana. Visipolingana, kinachotokea hakina maana iliyowekwa. Uboreshaji ukikuta kitu kisicho na maana iliyowekwa unahitimisha kwamba mwandishi, kwa kuwa ameahidi kutofanya kosa, ana hakika mahali hapo hapatafikiwa. Ukiangalia kwa jicho hilo, ulifanya kazi yake vizuri kabisa.

Na kwa nini O0 ilitoa majibu sahihi? Kwa sababu kwenye x86-64, kwa funksheni rahisi kama ile, utaratibu wa fastcc na wa C huishia kutumia rejista zile zile. Ilikuwa bahati. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote: majaribio yangu yalikuwa yanapita kwa bahati, nami nikayatia muhuri.

Mkaguzi wa IR je, kwa nini alinyamaza? Nyaraka za LLVM zenyewe zinalieleza jambo hili kwenye maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Wito wa namna hiyo unaweza kuwa mahali ambapo programu haipiti kamwe, kwa mfano baada ya hatua nyingine kufungua funksheni ndani ya nyingine, kwa hiyo hauwezi kukataliwa kwa kuutazama tu. Mkaguzi anaangalia kama sentensi imeandikwa sawa. Ukweli wa sentensi ni juu yako.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Lakini sikuridhika na mstari mmoja. Nilifuta kila mahali kompaila yangu ilipokuwa inatengeneza wito kwa mkono, nikaweka funksheni moja tu yenye ruhusa hiyo, nayo inasoma utaratibu wa anayeitwa na kuubandika kwenye wito. Halafu nikaandika ukaguzi wangu unaopita IR yote kabla ya uboreshaji: wito wowote wa moja kwa moja usiolingana na funksheni yake, kompaila inasimama na kutaja jina. Na majaribio yote sasa yanaendeshwa mara mbili, kwa O0 na kwa O2, majibu yakitofautiana hata shilingi moja hakuna kinachotumwa Temeke.

Zilibaki siku tatu za wiki niliyoomba. Nikazitumia kupitia kila neno la ziada ambalo kompaila yangu inaliandika kwenye IR, na kwa kila neno nikajiuliza nimeahidi nini hapa, na je, nina uwezo wa kuitimiza. Nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu nilikuta lingine limelala.

Kwenye kujumlisha nilikuwa nimeweka nsw. Neno hilo linaahidi kwamba jumla haitafurika ukubwa wa namba. Nililinakili kutoka IR ya Clang, ambaye analiweka kwa haki, kwa vile kanuni za C zinasema kufurika kwa namba zenye alama hakuna maana iliyowekwa. Lugha yangu haikusema hivyo. Lugha yangu ilikuwa na ulinzi: baada ya kuongeza amana kwenye jumla, ikiwa jumla mpya ni ndogo kuliko ya awali, simama, hesabu imefurika. Lakini nikishaahidi kuwa haitafurika, na amana imeshakaguliwa kuwa si hasi, jumla mpya haiwezi kuwa ndogo. LLVM ikaufuta ulinzi wangu, kwa haki yote.

Na jumla hiyo ilikuwa ya biti 32. Namba kubwa kabisa humo ni 2,147,483,647. Kwa shilingi zetu hiyo ni bilioni mbili na kitu, kiasi ambacho SACCOS yenye wanachama wengi inaweza kukifikia kwenye akiba zake zote pamoja. Siku hiyo ingefika, jumla ya akiba ingetoka hasi, na mlinzi niliyemweka mlangoni nilikuwa nimeshamfukuza mwenyewe. Nikaziweka fedha zote kwenye biti 64, nikaondoa nsw, na ulinzi nikauandika kwa maagizo ya LLVM yanayojumlisha na kurudisha pamoja na jumla alama ya kwamba imefurika au la.

Jumatano iliyofuata nilikwenda Temeke mwenyewe, sikutaka kutuma kwa barua pepe. Mama mhasibu alikuwa na leja yake mezani na penseli nyuma ya sikio. Nikaendesha ripoti ya Julai mbele yake kwenye kompyuta ile ya zamani. Ikachapisha waliochelewa, majina arobaini na moja.

Hakusema kitu. Akaitoa penseli, akaweka karatasi pembeni ya leja, akaanza kutoka jina la kwanza. Jina, siku, rejesho, faini. Alama ya vema. Jina, siku, rejesho, faini. Alama ya vema. Feni ya dari ilikuwa inazipeperusha karatasi, akazikandamiza kwa mhuri wa chama. Nusu saa hivi ikapita. Alipomaliza akarudi kwenye leja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huyu hayupo kwenye orodha yako. Na huku kwangu kachelewa."

Nikainama. Alichelewa siku 30.

"Kanuni inasema zaidi ya thelathini, mama. Huyu ana thelathini kamili."

Akavuta droo, akatoa kijitabu cha kanuni za chama, akafungua ukurasa, akausoma kwa sauti ya chini huku midomo ikicheza. Kisha akakifunga, akaweka vema la mwisho pembezoni mwa leja, na kuniuliza kama nimeshakula.